Kila Nyumba Inalipia Maji. Swali Ni: Inamlipa Nani?

Mwaka juzi nilipata kibarua cha wiki tatu. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: unapewa simu yenye maswali, unazunguka mitaa ya South Lake hapa Naivasha, unabisha mlango, unauliza, unajaza. Karagita, Kwa Muhia, DCK, Kamere, mpaka pale karibu na geti la Olkaria. Kwa mtu ambaye alikuwa ameacha chuo na bado hajamwambia mathe vizuri ni kwa nini, hiyo ilikuwa ganji ya maana.

Maswali yalikuwa mengi, lakini mawili ndiyo hayajanitoka kichwani. La kwanza lilikuwa: nyumba yako inatumia pesa ngapi kwa maji? La pili lilikuwa karibu na mwisho: kama ungeletewa maji safi ya bomba mpaka hapa kwenye ploti, kila siku, ungekuwa tayari kulipa shilingi ngapi kwa mwezi?

Mama mmoja pale DCK alikuwa anafua nilipomfikia. Swali la kwanza alilijibu bila kuinua kichwa. Mitungi sita kwa siku, ya lita 20, bob ishirini kila mmoja, inaletwa na kijana wa punda. Piga hesabu na mimi: 120 kwa siku, 3,600 kwa mwezi.

Swali la pili akafikiria kidogo, akasema, "Andika mia tano."

Nikaandika mia tano.

Usiku huo nikiwa kejani nikarudia hizo namba mbili. Mtu analipa 3,600 kwa maji ambayo hata hajui yametoka wapi, halafu anasema maji mazuri ya bomba atayalipia 500. Nikajiambia, ama huyu mama ananidanganya, ama hili swali halina akili. Kumbe hakuna kati ya hayo. Imenichukua muda kuelewa, na nilichoelewa ni historia. So leo tukae chini, hii si posti ya dakika mbili.

Maji na vumbi

Tuanze na majina. Naivasha ni jina la Kimaasai lililoharibiwa na midomo ya wageni, na maana yake ni maji yanayochafuka, yanayopanda na kushuka. Nakuru nayo wengi wanasema imetoka kwa neno la Kimaasai la vumbi. Yaani miji mikubwa miwili ya kaunti yetu, mmoja unaitwa maji na mwingine vumbi. Aliyetoa hayo majina alikuwa anajua hii ardhi vizuri kuliko waliokuja na ramani.

Wamaasai walikuwa wanajua maji yako wapi, lini yanakauka, na mifugo inywe wapi kiangazi. Hiyo ilikuwa ni malipo pia, isipokuwa walilipa kwa miguu. Ukihama na ng'ombe kilomita nyingi kufuata maji, umelipa.

Halafu reli ikapita hapa mwaka 1900 ikielekea Kisumu, na mwaka 1904 ukatiwa saini ule mkataba uliowatoa Wamaasai kwenye malisho ya bonde, Naivasha na Nakuru zikiwemo, wakapelekwa Laikipia na kusini. Mwaka 1911 kukawa na mkataba mwingine, wakatolewa na Laikipia. Watu huwa wanaisoma hiyo kama hadithi ya ardhi. Ni kweli, lakini isome pia kama hadithi ya maji. Aliyechukua kando ya ziwa na kando ya mto Malewa alichukua bomba la kila mtu.

Miji ya reli ilipokua, maji yakagawanywa kwa rangi kama kila kitu kingine. Mzungu alikuwa na bomba ndani ya nyumba. Mwafrika aliyekuja kufanya kazi alipangwa kwenye vyumba vya wafanyakazi, na bomba likawa moja la watu wote pale nje. Fikra ya serikali ilikuwa kwamba Mwafrika ni wa kupita tu mjini. Ana kipande shingoni, ana kazi, kazi ikiisha arudi rizavu. Mtu wa kupita unamvutia bomba la nini?

Hiyo fikra ya "wa kupita" iweke kando, tutarudi kwake.

Watu wanaochota mvuke

Kabla hatujafika uhuru, nikupeleke Eburru kidogo, upande wa pili wa ziwa, kaskazini magharibi. Eburru ni mlima wa volkano kama Olkaria. Mito ya kudumu hakuna. Kitu ambacho kiko ni mvuke unaotoka ardhini. Basi watu wa kule, tangu enzi za walowezi, wanaweka mabomba pale mvuke unapotokea, mvuke unapita ndani, unapoa, unadondoka ukiwa maji kwenye tangi. Tone, tone, tone. Hayo ndiyo wanakunywa na kunywesha mifugo.

Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani ni stori. Kisha nikapelekwa, nikaona, nikanywa. Yana vuguvugu kidogo.

Sasa niambie. Mtu anayenunua bomba, anachimba, anajenga tangi, anangoja mvuke udondoke, utamuuliza kama yuko "tayari kulipia maji"? Watu wa hili bonde wako tayari tangu zamani. Hakuna siku walikuwa hawako tayari.

Ahadi ya mwaka 2000

Uhuru ukaja, na kwa miaka michache ya kwanza mambo ya maji yaliendeshwa kwa njia mbili. Serikali kwa upande mmoja, harambee kwa upande wa pili. Shosho yangu alikuwa Nyandarua, na alituhadithia jinsi walivyochimba mtaro wa bomba kwa mikono, kila nyumba ikipewa kipande chake, na asiyekuja anatoa pesa. Hakuna mtu aliwafanyia utafiti. Walilipa kwa jasho na bomba likafika.

Mwaka 1974 serikali ikaja na mpango mkubwa wa kitaifa wa maji. Lengo lilikuwa kwamba ikifika mwaka 2000, kila nyumba Kenya iwe na maji safi karibu nayo. Mimi nimezaliwa baada ya hiyo tarehe kupita. Nimezaliwa kwenye nyumba ya kununua mtungi.

Hapa Naivasha mambo yalikuwa yanakimbia kwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Denmark ilikuja kulima maua kando ya ziwa, Dansk Chrysanthemum Kultur. Herufi za kwanza ni D, C, K. Ndiyo, ule mtaa unaitwa DCK kwa sababu hiyo. Kampuni ilishabadilika na kuondoka, jina likabaki na watu. Baadaye zikaja kampuni nyingine nyingi za maua, na maelfu ya watu kutoka Kisii, Kisumu, Kakamega, Murang'a, wakaja kutafuta kazi. Wakajengewa ploti za vyumba vya mabati na mawe, vyumba kumi, ishirini, choo kimoja.

Na Olkaria? Visima viwili vya kwanza vya kujaribu mvuke vilichimbwa kuanzia 1956, havikuzaa matunda. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawaka, ukafuatwa na wa pili na wa tatu, na kufikia 1985 Olkaria ya kwanza ilikuwa na megawati 45. Leo ni mamia ya megawati. Umeme unaochaji simu unayosomea hii posti, kuna uwezekano mkubwa sehemu yake imetoka hapa.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba kuchimba kisima cha mvuke kunataka maji mengi sana, na maji ya kuchimbia yanapampiwa kutoka Ziwa Naivasha. Bomba linapanda kutoka ziwani mpaka kwenye mitambo. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunalipita hilo bomba tukienda Hell's Gate kuangalia pundamilia, tukiwa na chupa za maji za kununua mfukoni. Sikuwahi kuona ajabu yake. Kwa pesa iliyoko, maji yanapanda mlima. Kwa sisi, yanakuja na punda.

Silaumu umeme, tuelewane. Nasema tu kwamba ukiambiwa "ni vigumu kufikisha maji huko", uangalie kwanza ni nani ameshafikishiwa.

Dakika 28, dakika 92

Kuna utafiti mmoja ambao kila mtu wa Afrika Mashariki angefaa kuujua. Katikati ya miaka ya 1960, watafiti watatu, Gilbert White, David Bradley na Anne White, walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania wakipima nyumba zinachota maji wapi, kiasi gani, kwa muda gani. Kitabu kilitoka 1972, kinaitwa Drawers of Water. Walichoona wakati huo ni kile kile mimi niliona DCK: anayenunua mtungi analipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bomba nyumbani.

Miaka thelathini baadaye, 1997, watafiti wengine wakarudi kwenye maeneo yale yale. Ungedhani mambo yamekuwa mazuri. Nyumba zenye bomba zilikuwa zinatumia wastani wa lita 128 kwa mtu kwa siku miaka ya 1960. Kufikia 1997 ilikuwa imeshuka hadi karibu lita 66. Bomba liko, maji hayatoki, ama yanatoka kwa zamu. Na wale wasio na bomba, muda wa kuchota ulitoka dakika 28 kwa siku ukafika dakika 92.

Dakika 92. Kila siku. Na unajua ni nani hubeba hizo dakika. Si buda.

Jinsi swali lilivyozaliwa

Sasa tufike kwenye lile swali langu la kwenye simu. Halikuanguka kutoka mbinguni, lina historia, na sehemu ya hiyo historia ni ya hapa Kenya.

Miaka ya 1980 serikali nyingi za Afrika ziliishiwa na pesa. Miradi ya maji ilikuwa inajengwa na mfadhili, inafunguliwa kwa ngoma, kisha pampu inaharibika na hakuna wa kuitengeneza. Wapangaji wa maji walikuwa na kanuni moja ya haraka: maskini anaweza kulipia maji asilimia 3 hadi 5 ya mapato yake, basi. Kwa hiyo mjengee kisima cha pamoja, kitu cha bei rahisi.

Kikundi cha watafiti, Dale Whittington akiwa mmoja wao, kikaenda Ukunda, kule Kwale pwani. Ukunda wakati huo ilikuwa mji mdogo, na nyumba zilikuwa na njia tatu: kwenda kisimani bure, kwenda kioski kulipa kidogo, ama kungoja mchuuzi akuletee mlangoni. Mchuuzi alikuwa anauza karibu mara kumi ya bei ya kioski. Na watu walikuwa wananunua! Watafiti wakauliza: kwa nini? Jibu likawa muda. Walipopiga hesabu, wakaona watu wa Ukunda wanathamini saa yao moja karibu sawa na mshahara wa kibarua wa kawaida. Ripoti zao zilichapishwa 1989 na 1990, na 1993 Benki ya Dunia ikatoa matokeo ya utafiti wa nchi kadhaa ikisema ile kanuni ya asilimia 3 hadi 5 haishiki. Nyumba zingine ziko tayari kulipa zaidi, zingine chini, inategemea maji yenyewe ni ya aina gani na mbadala ni upi.

Kwa hiyo lile swali, mwanzoni, lilikuwa swali la heshima. Lilikuwa linasema: acheni kumwamulia maskini, muulizeni.

Shida ni vile lilitumiwa baadaye. Januari 1992 wataalamu walikutana Dublin wakakubaliana kwamba maji ni mali yenye thamani ya kiuchumi. Kenya ikafuata njia hiyo. Sera ya 1999 ikasema serikali ipunguze kuendesha miradi yenyewe, na Sheria ya Maji ya 2002 ikaleta kampuni za maji na mdhibiti wa bei. Halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Soma hizo mbili pamoja. Maji ni bidhaa na maji ni haki, kwa wakati mmoja, kwenye mtungi ule ule.

Na katikati ya hizo mbili ndipo nilisimama mimi na simu yangu, nikimuuliza mama anayefua.

Nilirudi kumuuliza

Wiki ya mwisho ya kibarua nilirudi DCK. Si kikazi, nilitaka kujua tu. Nikamwambia, "Mama, uliniambia unalipa elfu tatu mia sita. Halafu ya bomba ukasema mia tano. Nisaidie kuelewa."

Akacheka. Akaniambia, "Kijana wangu, yule wa punda nikimlipa, maji yako hapa. Asipoleta, silipi. Huyo wako wa bomba nimemwona wapi?"

Halafu akaendelea, na hapa ndipo nilijua nimepoteza muda wangu darasani. Alisema mambo matatu.

Moja, alisema yeye hulipwa na kutumia kwa siku. Siku akiwa na mia, ananunua mitungi mitano. Siku hana, anakopa miwili. Bili ya mwezi haina huruma hiyo, na kabla ya bili kuna pesa ya kuunganishiwa.

Mbili, ploti si yake. Mwenye ploti aliwahi kuwaambia wachange waletewe mita. Walikataa wote. "Mimi naweza fukuzwa kazi Ijumaa, Jumatatu niko gari ya Kisii. Nimwachie landilodi bomba, halafu aongeze kodi kwa sababu ploti ina maji?"

Tatu, alisema alipofika hapa 2009 aliambiwa maji yanakuja. Ahadi ikija mara nyingi bila maji, inashuka bei.

Unaona sasa? Ile mia tano ilikuwa bei ya ahadi. Ile 3,600 ilikuwa bei ya maji. Mimi ndiye nilikuwa nazilinganisha kama kitu kimoja.

Na unakumbuka ile fikra ya "wa kupita"? Mkoloni alikataa kumvutia mfanyakazi bomba kwa sababu ni mtu wa kupita. Leo hakuna anayesema hivyo kwa mdomo, lakini mpangaji wa DCK ameshajifunza kujihesabu mwenyewe hivyo. Hata Olkaria kwenyewe, mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mitambo ya mvuke, zikapelekwa makazi mapya, na mwaka huo huo malalamiko yao yakafika kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, waliokuwa wametoa pesa za mradi. Ukihamishwa hamishwa, ni ngumu kuweka pesa yako kwenye kitu kinachozikwa ardhini.

Sehemu ambayo sipendi kuiandika

Mpaka hapa ni rahisi kumaliza kwa kusema "watu wako tayari, wapeni maji". Lakini kuna kitu kinaharibu hiyo hadithi nzuri, na kiko mdomoni mwa dadangu mdogo.

Ardhi ya Bonde la Ufa ni ya volkano, na maji ya chini yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya huku vinapita. Mtoto akinywa hayo maji wakati meno ya kudumu yanaumbika, meno yanatoka na madoa ya kahawia, na hayaoshiki. Ikizidi sana kwa miaka mingi, inaingia kwenye mifupa. Na usijidanganye na kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki pale pale, tena maji yakipungua sufuriani ndiyo inakolea.

Dadangu ana miaka kumi na minne. Akicheka anaweka mkono mdomoni. Kwenye picha za familia hajawahi kuonyesha meno tangu darasa la tano.

Na kichujio kilikuwepo. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kutengeneza vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, inayonasa floraidi. Mathe alikuwa anajua. Pesa ya punda ilikuwa inatoka kila siku. Pesa ya kichujio haikutoka. Nimekasirika kwa hilo miaka mingi, nikidhani ni uzembe.

Kisha nikasoma kuhusu Busia. Michael Kremer na wenzake walifuatilia chemchemi zilizojengewa ili maji yasichafuke, wakaangalia watu watatembea mbali kiasi gani kufuata maji safi zaidi. Utafiti ulichapishwa 2011. Walitembea kidogo tu. Ukigeuza hiyo hatua iwe pesa, ilikuwa kama dola 3 kwa nyumba kwa mwaka. Walipoulizwa kwa mdomo walitaja zaidi. Na dawa ya klorini ilikuwa hivyo hivyo: ikiuzwa dukani wachache wananunua, ikiwekwa bure pale pale unapochotea, wengi wanatumia.

Yaani ni kinyume cha DCK. Mama wa DCK maneno yake yalikuwa madogo kuliko matendo. Busia maneno yalikuwa makubwa kuliko matendo. Tofauti ni nini? Mama alikuwa analipia maji kufika, kitu unachokiona na mgongo wako unakijua. Busia walikuwa wanalipia usafi, kitu ambacho hukioni. Floraidi haina rangi, haina harufu. Unaiona baada ya miaka saba, kwenye meno ya mtoto, na wakati huo umeshachelewa.

Mathe hakuwa mzembe. Alikuwa mtu wa kawaida, kama wewe na mimi ambao hatusomi masharti tukibonyeza "nakubali".

Mimi nasimama wapi

Kuna watu watasema maji yawe bure. Tanzania iliamua hivyo kwa vijiji baada ya uhuru, na kufikia 1991 ikabidi sera mpya ije na wananchi kuchangia, kwa sababu pampu haijui siasa, inataka dizeli na vipuri. Kwa hiyo bure si jibu langu.

Lakini nakataa pia kusema kwamba nyumba za DCK "hazina uwezo". Mita moja ya ujazo ni mitungi 50. Kwa bob ishirini, ni shilingi 1,000. Kwenye kioski nilichokuwa nachotea Karagita kwa bob tano, ni 250. Pesa iko. Inapita kila asubuhi kwenye mkokoteni wa punda. Kijana wa punda simlaumu, anafanya kazi ngumu na ndiye pekee aliyetimiza ahadi yake. Nasema tu kwamba hiyo pesa hainunui bomba, haipimi floraidi, na mwaka ujao tutailipa tena kuanzia sifuri.

Kwa hivyo, maoni yangu. Maji yafike kwanza, bili baadaye, na iwe ya kulipwa kidogo kidogo kwa simu, vile tunavyonunua stima. Gharama ya kuunganisha iwe ya mwenye ploti, kwa sababu yeye ndiye anabaki. Na kutoa floraidi kusiwe swali la kila mama kwenye kila mlango. Hilo lilipwe pamoja, kwenye bei ya kila lita au kwenye kodi, lifanyike kabla maji hayajafika kwenye mfereji. Kitu usichokiona huwezi kukinunua peke yako. Ndiyo maana tuna serikali.

Ziwa lilipopanda 2020, na tena 2025, nyumba za Kihoto zilijaa maji mpaka watu wakatolewa kwa boti. Nilienda. Kulikuwa na mzee amesimama mahali maji yanaishia, nyumba yake nyuma yake imezama hadi dirishani, na mkononi ana mtungi. Alikuwa anangoja punda.

Sikumuuliza angelipa ngapi.

Mtungi kwenu ni bob ngapi? Niandikie hapo chini, na useme ni mtaa gani. Nataka kuziweka zote pamoja.